Nilivyokwenda Kukataliwa Chanika

Nimechoka kuulizwa. Kanisani mnaniuliza, chuoni mnaniuliza, na juzi kinyozi wangu hapa Kawe kaniuliza huku ameniwekea wembe shingoni, mahali ambapo mtu hana ubavu wa kukataa kujibu. Basi naandika mara moja, msome wote, halafu tuachane na habari hii. Ni kweli nilivaa kanzu. Ni kweli nilikwenda kuposa bila mke wangu kujua, na bila mie mwenyewe kujua. Habari ya kuku nitaieleza nikifika huko.

Kwa wale mnaonifahamu kwa sura tu, mie ni Masanja, Msukuma wa Shinyanga, mwalimu wa chuo kikuu. Miaka zaidi ya ishirini nimefundisha mahusiano ya kimataifa, na humo ndani nimejichagulia kona moja: watu waliohama makwao, wanavyoondoka na dini yao, na dini hiyo inavyozivuta serikali za pande mbili. Waarabu wa huku na ndugu zao wa Muscat, Wahindi wa Upanga na ndugu zao wa Uingereza, hao ndio riziki yangu. Nimesoma makala zangu kwenye miji yenye baridi ya kuuma meno, mbele ya watu saba, watatu wamelala. Mama yangu amefariki hajaielewa kazi hii. Alidhani nafundisha watu kupanda ndege.

Sasa, Rahma. Huyu ni mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kuwafundisha, na sisemi hivyo kwa sababu ya yaliyotokea. Baba yake, Mzee Nassor, ana duka la vitambaa Kinondoni. Ni ukoo wa Kiarabu uliokaa mji huu tangu babu wa babu. Rahma alipata nafasi ya kwenda Ulaya kusomea uzamivu, kila kitu kimelipiwa, achunguze wanawake wa pwani walioolewa Uarabuni na darsa zao za dini huko. Chuo kilitaka jibu wiki ileile. Baba yake akasema asome nini tena, digrii mbili zinatosha. Hakugomba, hakufoka. Alisema tu imetosha, akaendelea kupima kitambaa.

Rahma akaja ofisini kwangu. "Dokta, njoo uzungumze na baba. Wewe ni mtu mzima, atakusikia."

Nikamwambia nitakuja. Nilikuwa nawaza kwamba nikishindwa, binti huyu atazeekea nyuma ya meza ya duka, na kichwa alichonacho kinanizidi mie mwalimu wake. Wazo hilo nililibeba siku nzima, hata pale ambapo nyie mngekuwa mnacheka.

Kawe: kanzu ya watu

Jirani yangu Mzee Kombo ni mstaafu wa bandarini, mtu wa pwani hasa, na mji mzima wa Kawe unamjua kwa adabu zake. Nilikwenda kumuomba ushauri tu. Nikatoka naye.

"Kwa watu hawa huendi na suruali ya kadeti na mikono mitupu kama mtu wa bima," alisema. "Na mtu mkubwa hajisemei. Anasemewa. Mie nitakusemea."

Akaniazima kanzu yake. Mzee Kombo ni mfupi, kwa hiyo kanzu ilinifika nusu ya muundi na soksi zangu za kanisani zikaonekana zote. Mke wangu, Mama Kulwa, ndiye aliyeipiga pasi. Akanizunguka mara mbili, akasema nimependeza, akaingia ndani haraka, nikasikia anacheka na mashine ya kufulia.

Mzee Kombo akaandaa sinia: halua ya boksi kubwa, udi, na kanga doti mbili za mama wa nyumba, juu yake kawa la ukili la kufunikia, lililosukwa vizuri. Nilimuuliza kama si mambo mengi kwa ajili ya mazungumzo ya masomo. Akanitazama kwa huruma, jinsi watu wa pwani wanavyotutazamaga sie wa bara tukiuliza kwa nini chai ina tangawizi.

Nikampa hoja zangu. Nilikuwa nazo nyingi, na nilizisema zote kwa mpangilio. Mzee Kombo alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Usihofu, Dokta. Mie nina hotuba yangu. Haijawahi kurudi bila jibu."

Tukapanda gari langu, ambalo umri wake unakaribiana na ajira yangu, yeye mbele na sinia mapajani. Pale getini mama muuza maandazi akatutazama akasema, "Hongera, baba." Nikajibu asante. Nilidhani anapongeza kanzu.

Kinondoni: kwa baba mtu

Mzee Nassor alitupokea ghorofani, juu ya duka. Rahma hakuwepo, alikuwa chuoni anasimamia mtihani, simu kaizima. Tukaletewa kahawa na kashata. Tukaulizana hali za nyumbani, hali za watoto, hali za kazi, kisha tukarudia upya kuanzia nyumbani. Halafu Mzee Kombo akakohoa, akaweka mikono magotini, akaanza.

"Waungwana, sie ni wageni, lakini si wageni wa njaa. Tulipita njia tukaona bustani. Katika bustani tukaona ua. Tukaulizana, bustani hii haina mwenyewe? Tukaambiwa ina mwenyewe, muungwana, mtu wa watu. Ndipo tukasema hatuchumi kwa kuruka ukuta, tunabisha hodi."

Nilifurahi, kusema kweli. Nikawaza hii ndiyo lugha tunayoikosa kwenye mikutano ya kitaaluma.

"Ua hili lina elimu," aliendelea Mzee Kombo, na hapo nikajua amefika kwenye hoja zangu. "Mwenzangu huyu ameliona muda mrefu, amelithamini, na hapendi likae tu dukani. Anataka lifike mbali."

Hoja zangu zikaishia hapo. Akarudi bustanini, akamalizia kwa dua.

Nyuma ya pazia mtu alipiga kigelegele, kikakatwa katikati kana kwamba amezibwa mdomo. Mzee Nassor alinitazama kuanzia upara mpaka soksi.

"Wewe ndiye Dokta ambaye Rahma anamtajaga kila siku?"

"Ndiye mie, Mzee."

"Kumbe," alisema. Akasogeza kikombe chake cha kahawa pembeni. "Basi neno hili limenizidi kimo. Mie ni baba tu. Ana baba yake mkubwa Temeke, Mzee Abdallah. Lifike kwake kwanza."

"Na sinia?" aliuliza Mzee Kombo.

"Sinia liende na neno."

Nyie mnaojua desturi mmeshanicheka. Lakini mnielewe. Kwetu Usukumani mtu akija kuposa, kinachozungumzwa ni ng'ombe. Ng'ombe wangapi, wa rangi gani, nani kawaona. Posa isiyokuwa na ng'ombe hata mmoja kwangu si posa, ni kunywa kahawa. Isitoshe, mie nilikuwa nimelewa nadharia. Nina kitabu changu kinachodai kwamba koo zilizotawanyika hazina mkuu mmoja, uamuzi unahama kutoka kwa ndugu hadi ndugu mpaka ufike makao makuu, ambayo kwa kawaida yako ng'ambo. Nikashuka ngazi nimekumbatia sinia, najiambia kwamba sasa naona kwa macho nilichokiandika kwa kubahatisha. Kuna mtu alinipiga picha pale dukani. Nikatabasamu.

Temeke: kwa baba mkubwa

Mzee Abdallah anauza vipuri vya magari, na nyumba yake iko nyuma ya duka. Tulifika adhana ya adhuhuri ikiadhiniwa, baada ya foleni iliyompa Mzee Kombo muda wa kunisimulia posa zake zote tangu ujana. Nilidhani anapiga soga.

"Karibuni," alisema Mzee Abdallah, mtu mrefu wa pole. Alikuwa anajua tunakuja. "Twendeni kwanza tukaswali, maneno mazito hayaanzwi bila swala."

"Mzee, mie Mkristo," nilisema.

Akaitazama kanzu.

"Ni ya Mzee Kombo," nikasema.

Mzee Abdallah akamgeukia mwenzangu. "Hilo linazungumzika?"

"Kila kitu kinazungumzika," alijibu Mzee Kombo.

Wakaenda msikitini wakaniacha barazani nikilinda sinia na ndala za watu. Nimeandika vitabu viwili juu ya dini katika mahusiano ya kimataifa. Hakuna ukurasa unaosema mzee wa kanisa afanye nini akiwa barazani kwa watu, ndani ya kanzu ya kuazima, huku kila mpita njia anamwamkia asalaam aleikum. Nilijibu zote. Mmoja akanipa na mkono.

Waliporudi tukala. Nyie mkisema mnajua wali wa nazi, nendeni mkale Temeke kwa Mzee Abdallah. Samaki wa kupaka, mchicha wa nazi, achari ya ndimu iliyoniliza machozi ya furaha. Niliongeza mara mbili, na kila nilipoongeza nikasikia minong'ono ya kuridhika mlango wa nyuma. Kisha Mzee Abdallah akanawa, akaja kukaa karibu yangu.

"Afya vipi?"

"Nzuri, Mzee. Goti tu kidogo."

"Una mke?"

"Ninaye, Mzee. Tuna miaka mingi."

"Ana habari ya jambo hili?"

"Anayo. Ndiye aliyepiga pasi kanzu."

Mzee Abdallah alitikisa kichwa taratibu, macho yakamlegea kwa heshima. "Mke wa namna hiyo, mshukuru Mungu." Akanywa maji. "Sasa Rahma utamweka naye nyumba moja, au utamjengea?"

Nikarudisha tonge sahanini. Nilimgeukia Mzee Kombo, na yeye alikuwa anaangalia dari kwa utulivu mkubwa. Nikafungua mdomo kusema kwamba kuna kosa, akanifinya paja kwa nguvu ambazo sikuzitarajia kwa mzee wa makamo yake.

Mzee Abdallah alidhani nimeona haya. "Usijibu sasa," alisema. "Na mie sitakujibu. Kumkatalia mgeni mlangoni kwangu siwezi, na kumkubalia siwezi. Mkubwa wetu ni dada Zuwena, yupo Chanika. Ndiye aliyetulea mama alipofariki. Nendeni kwake."

Uani nikamshika Mzee Kombo bega. "Mzee, umenipeleka kuposa?"

"Nimekupeleka kuzungumza."

"Umesema ua. Umesema bustani."

"Dokta, mie nina hotuba moja tu," alisema, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana aibu. "Miaka yote hiyo nikiitwa niende na sinia kwa watu, ni posa. Hajawahi kuniita mtu niende na sinia kwa ajili ya masomo. Ila pale katikati nilibadilisha, nikatia elimu."

"Twende tukawaambie."

"Ukawaambie nini? Posa haifutwi na aliyeileta. Inajibiwa. Ukiifuta njiani, kesho mji mzima unasema binti wa Nassor kaposwa asubuhi, kaachwa mchana."

Hapo simu ikaita. Ni Rahma, katoka kwenye mtihani.

"Dokta, uko wapi? Binamu yangu wa Muscat ananitumia pongezi. Ana picha yako umekumbatia sinia." Akavuta pumzi. "Umekuja kunisaidia niondoke au umekuja kunioa?"

Nikamweleza kila kitu, nimeinamisha kichwa kwenye ukuta wa choo cha watu. Nilijisikia vibaya, na nawaambieni hivyo bila kuficha. Binti kaniamini, nami nimemchafulia jina kwa nusu siku. Akauliza, "Mzee Kombo anasemaje?"

"Anasema ijibiwe."

"Basi usirudi nyuma. Ukiwaambia mmekosea, baba atasema nimetuma watu kumchezea, na habari ya kusoma itakufa hapo hapo. Nenda kwa shangazi, Dokta. Nenda ukakataliwe vizuri."

Pugu: gari linagoma

Ndiyo maana nasema hii ni safari ya peke yake maishani mwangu. Wengine husafiri wakiomba wakubaliwe. Mie nilipita Buguruni, nikapita Gongo la Mboto, foleni na vumbi la barabara inayojengwa, nikiomba Mungu nikataliwe kabla jua halijazama.

Askari wa barabarani alitusimamisha. Akatazama leseni yangu, akatazama sinia, akatazama kanzu mbili. "Posa?" akauliza.

"Ndiyo, kijana wangu," alisema Mzee Kombo kabla sijapumua.

"Nani bwana harusi?"

Mzee Kombo akaninyooshea kidole. Askari akanirudishia leseni bila neno, akaturuhusu, na kwenye kioo nikamwona anamwita mwenzake aje aone.

Kwenye kilima cha Pugu gari likachemsha. Tulisukuma mpaka kwenye meza ya kina mama wanaouza mihogo ya kuchemsha. Wakatupa maji ya rejeta na mihogo yenye chumvi na pilipili. Waliposikia tunapokwenda, mmoja wao, mnene, mwenye kitambaa cha njano kichwani, akanikalisha kwenye ndoo.

"Bwana harusi, nikwambie ukweli?"

"Niambie, mama."

"Gari limekataa. Na wewe kataa."

Wenzake wakacheka mpaka wakafuta machozi kwa kanga. Nikacheka na mie, nifanyeje. Tulipokuwa tunasubiri injini ipoe, simu ikaita tena, safari hii Mama Kulwa.

"Nasikia napata mwenzangu," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Mtu wa kwaya. Kaambiwa na dada yake, yupo Leicester, Uingereza."

Miaka ishirini nimekuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba habari za diaspora huenda haraka kuliko za serikali, na leo sikupenda kuthibitishiwa. Nikamweleza. Mke wangu si mtu wa makelele. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Ukirudi pitia sukari," akakata.

Tukaendelea polepole, madirisha wazi. Niliogopa kwamba huyo Bi. Zuwena naye atatutuma mbele, tuishie Muscat na sinia letu. Nikamuuliza Mzee Kombo watu hukataaje.

"Hawatakwambia hatukutaki. Waungwana hawasemi hivyo. Kuna maneno yake. Watasema binti ana mwenyewe, au watasema binti bado anasoma. Ukisikia hivyo, unashukuru, unaondoka. Huulizi. Na likishasemwa na mkubwa mbele ya wageni, ndilo neno la ukoo. Hawawezi kukwambia wewe anasoma, kesho wamfungie ndani."

Nilisikia, nikaona ni desturi nzuri, nikaendelea kuangalia kipimo cha joto la injini.

Chanika: kwa mkubwa

Makao makuu ya ukoo ule hayako Muscat. Nitalazimika kurekebisha kitabu. Yako Chanika, mwisho wa barabara ya vumbi, kwenye nyumba mpya ambayo bado haijapigwa plasta upande mmoja, na banda refu la kuku wa mayai. Bi. Zuwena alitutokea akiwa na buti za mpira na chupa ndogo ya dawa mkononi.

"Shikamoo, Bi. Zuwena," nilisema.

"Marahaba. Nyie ndio wa posa? Kaeni hapo. Hapana, msikae. Dawa ikishachanganywa haisubiri mtu. Shikeni kuku."

Ndivyo ilivyokuwa, na ndiyo habari ya kuku mnayoniulizaga. Kuku walikuwa wanachanjwa kuzuia ugonjwa wa mdondo, tone moja kwenye jicho, mmoja baada ya mwingine. Mzee Kombo anakamata, ananipa, mie nashika mabawa na kugeuza kichwa, Bi. Zuwena anadondosha. Aliweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, sauti juu. Humo ndani walikuwemo Mzee Nassor, Mzee Abdallah na binamu wa Muscat, wote wanasikiliza, maana neno la ukoo lisikiwe na ukoo.

Mzee Kombo alianza hotuba yake huku amemkumbatia tetea. Alipofika kwenye ua, tetea akamchafulia kanzu. Hakusita hata kidogo, na hapo nilimheshimu.

"Nimesikia," alisema Bi. Zuwena. "Lete mwingine. Wewe Dokta, umri wako?"

Nikautaja. Simu ikakohoa, nadhani ni Muscat.

"Dini?"

"Mkristo, Bi. Mzee wa kanisa."

"Mke?"

"Yupo, Bi."

"Ng'ombe?"

"Sina hata mmoja, Bi." Ajabu ni kwamba niliona haya. Siku nzima hilo ndilo swali la kwanza nililolielewa.

Aliniangalia sana, nikiwa na manyoya kichwani na kuku ananipiga mabawa. Sikuweza kujua anafikiri nini. Akamchanja yule wa mkononi mwangu, akafunga chupa, akajifuta mikono kwenye kanga aliyoifunga kiunoni.

"Wageni wetu, mmekuja kwa heshima, na sie tunajibu kwa heshima," alisema, akiinamia simu ili wasikie vizuri. "Binti yetu bado anasoma."

"Kweli dada," ilisema sauti ya Mzee Abdallah, kwa nafuu kubwa. "Bado anasoma."

"Anasoma, anasoma," alisema Mzee Nassor haraka.

Mzee Kombo akainama. "Tumesikia, tumeshukuru." Akanikanyaga mguu ili na mie niseme. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo. Nimekataliwa vizuri, binti hajaaibika, nyumbani kuna chakula. Ila lile wazo la asubuhi likanirudia, Rahma na futi ya kupimia vitambaa. Nimekuja mpaka mwisho wa mji, na neno lenyewe lililonileta halijasemwa hata mara moja.

"Anasoma wapi, Bi. Zuwena?"

Mzee Kombo alifumba macho. Hata kuku nakumbuka walitulia, ingawa mke wangu anasema hapo naongeza chumvi.

"Dada," alianza Mzee Nassor.

"Nyamaza, Nassor. Mgeni kauliza." Bi. Zuwena hakunitazama, aliitazama simu, kama vile wadogo zake wamekaa pale juu ya ndoo. "Anasoma Ulaya. Alikoitwa. Anaondoka kabla masika hayajaanza. Si ndivyo? Au tumwambie mgeni tumemdanganya?"

Kwenye simu nikasikia futi ya kupimia ikiwekwa mezani. Kisha Mzee Nassor akasema, taratibu sana, "Ndivyo, dada."

"Wallahi?" aliuliza Bi. Zuwena.

"Ndivyo. Wallahi."

Akakata simu, akafunua kawa letu, akaimega halua kwa kidole. "Halua haina kosa," alisema, akatukaribisha na sie.

Tulikaa kwenye magunia ya chakula cha kuku, tukala. Mzee Kombo alijaribu kuomba radhi kwa swali langu, akamzuia kwa mkono.

"Huyu mtoto kaniambia habari ya masomo yake tangu alipoomba nafasi," alisema. "Sikujua nianzie wapi. Hawa wadogo zangu nikiwaambia asome, wanasema dada kazeeka, kuku wamemharibu akili. Lakini posa, watake wasitake, lazima ijibiwe." Akalamba kidole. "Walikuja kwetu wazee kama nyie, na sinia kama hili. Nilikuwa darasa la saba. Nikasimama nyuma ya pazia namsubiri baba aseme bado anasoma. Nilikuwa nasoma kweli, madaftari yalikuwa kitandani. Baba hakusema."

Hakulia wala nini. Akaniambia nimeshika kuku vizuri kwa mtu wa chuo kikuu.

Sinia la watu halirudi tupu. Alilijaza mayai, akaweka kawa juu, akampa Mzee Kombo. Kanga alibaki nazo, doti zote mbili.

Kurudi

Mengine mnayajua. Sukari niliisahau, na Mama Kulwa amenikumbusha kila siku tangu hapo. Kwa Mzee Nassor nikipita nanywa kahawa, na mama yake Rahma huniita mkwe aliyetuponyoka. Hotuba ya Mzee Kombo imeongezeka kipande cha masomo, na ameshaalikwa mara mbili Tegeta.

Kitu kimoja tu sijamwambia mtu. Tulipotoka kwa Bi. Zuwena hatukuondoka mara moja. Niliwasha gari, Mzee Kombo kashika mayai, nikampigia Rahma kabla sijatia gia.

"Dokta, vipi?"

"Nimekataliwa."

"Wamesema kwa nini?"

"Wamesema bado unasoma."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Nikazima injini, maana inapiga kelele sana lile gari, na nilitaka kumsikia vizuri anavyolia.